Umekula? Umeomba? Namna ya kushika imani ukiwa unasugua benchi kwenye futiboli ya chuo

Miaka yote niliyokaa chuoni mama yangu alinipigia simu kila Jumapili jioni kutoka Des Moines, Iowa, na kila mara aliuliza maswali mawili kwa mpangilio uleule: "Umekula? Umeomba?" Mwanzoni nilidhani la kwanza ni la kusafishia koo tu, na swali lenyewe ni la pili. Nilikuja kuelewa baadaye, goti likiwa limeshachanika, kwamba aliyapanga hivyo makusudi.

Mimi ni mtoto wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Nilizaliwa Uvira, Kongo, mwaka 2000, tukavuka ziwa, nikakulia kambini Kigoma hadi 2010 tulipopata safari ya Marekani. Mpira niliokuwa naujua ni wa makaratasi na kamba. Huu wa umbo la yai, wa helmeti na mabega ya plastiki, nilikutana nao shuleni Iowa. Kocha alimwona mtoto wa Kiafrika akaamua papo hapo kwamba huyu atakuwa mpiga mikwaju. Nikapiga, nikapaisha hadi barabarani. Siku nyingine nikamwangusha jamaa mmoja aliyekuwa na mpira, nikaambiwa nibaki hukohuko kwenye ulinzi. Kuanzia Agosti 2018 hadi mwisho wa 2022 nilikuwa lainbeka, mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele, katika chuo kimoja cha majimbo ya katikati, bila ufadhili. Mechi nilizoanza: sifuri.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma haya, usitarajie nikufundishe kuwa nyota. Nitakueleza nilivyobaki Mkristo ndani ya timu ambayo haikunihitaji sana, na mahali nilipoharibu, ili wewe usiharibu palepale.

Jua kwanza unaingia wapi

Wakati wangu timu ya ngazi ya juu kabisa, FBS, iliruhusiwa kufadhili wachezaji 85. Ngazi yetu ya FCS, inayofuata chini yake ndani ya daraja hilohilo la kwanza, nafasi zilikuwa 63, na chuo kiliweza kuzigawa vipandevipande kwa watu wengi zaidi. Daraja la tatu halina ufadhili wa michezo hata kidogo. Tangu 2025 hesabu zimebadilika kwa vyuo vya daraja la kwanza vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji: huko kinachowekewa ukomo sasa ni idadi ya wachezaji wenyewe, 105, na mtu wa mwisho kwenye orodha anaweza kukatwa kabla hajazoea kabati lake. Uliza mapema chuo chako kiko upande gani.

Sisi tusio na ufadhili nitatuita wachezaji wa kujilipia. Mimi nililipiwa sehemu na ruzuku ya serikali kwa familia za kipato cha chini, ile ya Pell, ambayo mwaka wangu wa kwanza haikuzidi dola 6,095 kwa anayepata yote. Sehemu nyingine ilikuwa mkopo, na iliyobaki ni zamu za usiku za mama kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inasema msimu ukiwa umeanza, timu isikuchukue zaidi ya saa 4 kwa siku na 20 kwa wiki, na siku moja uachwe kabisa. Mechi nzima inahesabiwa saa 3. Safari ya basi haihesabiwi, matibabu hayahesabiwi, na vyuma vya "hiari" havihesabiwi, ingawa asiyefika kwenye hiari hiyo anajulikana. Wiki yangu halisi ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo ya kwenye karatasi. Nakwambia mapema kwa sababu watu wengi hawapotezi imani kwa kubishana na mtu asiyeamini. Wanaipoteza kwa kukosa usingizi.

Kisha kuna timu ya kuigiza. Kazi yetu wa kujilipia ni kuwa wapinzani wa Jumamosi ijayo. Jumanne unavalishwa kizibao chenye namba ya lainbeka wa timu nyingine, kocha msaidizi anainua kadi kubwa iliyochorwa vimviringo na mishale, unaiangalia sekunde tano, kisha unakimbilia pale mshale unapokwenda ili kikosi cha kwanza kijifunze kukugonga. Mvua ikinyesha wino unachuruzika na mshale wako unaungana na wa jirani yako. Unagongwa hata hivyo.

Usimfanye Mungu kuwa kocha

Hapa ndipo nilipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wa kwanza orodha ya namba ilibandikwa ukutani, karibu na mlango wa chumba cha vyuma. Nikaanza kuisoma kama unabii. Jina langu likipanda kutoka la tano hadi la nne, Mungu ananipenda. Likishuka, nakaa kitandani nikitafuta dhambi niliyotenda tangu Jumatatu. Maombi yangu yote yakawa mkataba: nipe namba, nami nitakutukuza mbele ya kamera. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kusema.

Agosti ile, kwenye kambi ya mazoezi kabla ya msimu, niliamua kuutia mkataba saini kwa kufunga. Siku mbili, maji tu, wala sikumwambia mtu. Nyumbani kwetu kufunga ni jambo la kawaida, mama anaweza kufunga na akapika chakula cha watu 20 bila kuonja. Ila mama hakimbii na kilo kadhaa za vifaa mwilini kwenye jua la Agosti. Siku ya pili mapaja yakakaza, macho yakawa na ukungu, nikapiga goti uwanjani na wenzangu wakadhani nasali. Mhudumu wa afya wa timu akanivutia kivulini, akaniwekea taulo za barafu shingoni na kwapani, na swali lake la kwanza likawa: "Leo umekula nini?"

Nilimjibu kwa aibu. Naye hakunicheka, akaniambia kwamba miezi michache tu kabla, Juni 2018, mchezaji mmoja wa chuo alifariki baada ya kuzidiwa na joto mazoezini. Akanionyesha daftari la uzito: kila mtu anapimwa kabla na baada ya mazoezi, na kilo zilizopungua ni maji unayopaswa kuyarudisha. Yangu yalikuwa hayajarudi tangu jana yake.

Basi shika haya. Usifunge chakula wakati wa kambi, na maji usifunge kamwe. Ukisukumwa sana moyoni, funga simu. Mimi nilianza kufunga simu kuanzia saa tatu usiku, na nakuhakikishia iliuma kuliko njaa. Ukitaka kufunga kweli, subiri msimu uishe, na mwambie mhudumu wa afya.

Kuhusu namba, nilijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, naomba kabla ya kuiona orodha, nikishaiona siombi chochote juu yake siku hiyo. Ya pili ilikuwa ngumu: kila asubuhi namtaja kwa jina yule anayecheza nafasi yangu, naomba miguu yake ikae salama. Wiki za mwanzo nilikuwa namuomba Mungu kwa meno yaliyokazwa. Baadaye nikaanza kumwambia yule jamaa makosa niliyoyaona kwenye video, na yeye akaanza kunisubiri tunyanyue vyuma pamoja. Mungu alilijibu ombi hilo kikamilifu mno. Jamaa hakukosa mechi hata moja kwa miaka mitatu.

Ule mstari wa kwenye mkono

Ukiingia chumba cha kubadilishia nguo utauona mstari mmoja kila mahali, kwenye viatu, kwenye utepe wa kifundo cha mkono, hata kwenye chale: Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Tim Tebow, nyota wa timu ya Chuo Kikuu cha Florida, aliuandika kwenye rangi nyeusi ya chini ya macho, kisha kwenye fainali ya kitaifa ya Januari 8, 2009 akabadilisha, akaandika Yohana 3:16, na Florida wakaifunga Oklahoma 24 kwa 14. Kuanzia msimu wa 2010 NCAA ilipiga marufuku maandishi kwenye rangi hiyo. Ndiyo maana sisi wa baadaye tulihamia kwenye utepe.

Sina ugomvi na mstari wenyewe. Ugomvi wangu ni kuusoma peke yake. Anza aya ya 10. Paulo yuko kifungoni, anawashukuru watu waliomtumia msaada, anasema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" anayoyaweza ni hayo. Hasemi atapata namba. Anasema kwamba hata asipoipata hatavunjika. Mtu wa timu ya kuigiza aliyeelewa hivyo anaweza kuuandika mstari huo kwa haki kuliko nyota, kwa maoni yangu.

Mimi niliandika kwa Kiswahili: UMEKULA? Mwenzangu mmoja wa safu ya mbele, kijana wa shambani mwenye kilo 130, aliniuliza kama ni kelele ya vita ya mababu zetu. Nilimwambia ndiyo. Aliipiga kelele uwanjani msimu mzima kabla sijamwambia ukweli.

Pa kuliweka ombi ndani ya siku

Ukisubiri upate nafasi ya kuomba, hutaipata. Mazoezi ya vyuma yalianza saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mama alinishauri niamke saa kumi kama yeye. Nilijaribu siku nne, ya tano nikasinzia darasani na mate yakadondoka kwenye daftari. Nikaacha. Nikatafuta mahali ambapo mwili tayari umelazimika kutulia.

Pipa la barafu lilinifaa kuliko kanisa lolote. Dakika 10 za maji ya baridi ambayo huwezi kufanya lolote isipokuwa kupumua. Nilikuwa naweka sauti ya Biblia ya Kiswahili kwenye simu, Zaburi mbili zinatosha dakika hizo. Kiswahili kwa makusudi, maana Kiingereza kilikuwa lugha ya kukaripiwa siku nzima. Pa pili palikuwa njia ya kutoka uwanjani hadi bwenini, dakika saba, nikitaja majina ya watu. Pa tatu ni wakati wa kufungwa utepe vifundoni. Huko niliomba kimya tu, maana anayekufunga ana watu wengine 60 wanaomsubiri.

Jumapili

Mechi ni Jumamosi. Ya ugenini unarudi na basi saa nane za usiku. Jumapili asubuhi ni matibabu, alasiri ni video, na siku yetu ya kupumzika ilikuwa Jumatatu. Ukiwa umelelewa kama mimi, ibada inaanza saa nne asubuhi na kumalizika wakati ambao Roho ataamua, ratiba hiyo inakufanya ujione mpagani.

Nilichofanya: wiki ya kwanza kabisa chuoni, kabla sijafungua sanduku vizuri, nilitembea kwa miguu nikatafuta kanisa lililo karibu lenye ibada ya mapema. Nikapata dogo la wazee kama 30, kinanda, nyimbo za polepole, ndani ya saa moja wamemaliza. Si mtindo wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini walijifunza kulitamka jina langu kwa majuma matatu, na nilipokuja na magongo bibi mmoja alianza kuniwekea kiti cha pembeni mwa njia ili mguu ulionyooka upate pa kukaa. Usichague kanisa kwa kwaya. Chagua lile ambalo usipofika watajua hukufika.

Jumatatu ikawa sabato yangu. Hadi saa sita mchana sigusi video ya mpira, sisomi kundi la timu. Mara moja moja mama alikuwa anairekodi ibada ya Kiswahili ya Des Moines na kunitumia, ikiwa na kikohozi cha mtu aliyekaa nyuma yake na watoto wanaolia, nami naisikiliza nikifua nguo.

Wenzako, na mchungaji wa timu

Vyuo vingi vina kikundi cha Fellowship of Christian Athletes, chama cha wanamichezo Wakristo kilichoanzishwa 1954. Nenda, ni pazuri kupata marafiki wa kukuombea. Ila usiende kwa kuwa nahodha anaenda au kwa kuwa kocha ataona. Kwenye chuo cha serikali hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kuomba, wala kukukataza kuomba kwako. Mwenzangu wa chumbani hakuamini chochote. Ndiye aliyenipeleka hospitali, akakaa pale hadi saa saba usiku akinisomea maswali ya mtihani wa takwimu. Sikuwahi kumhubiria. Aliniuliza mwenyewe mwaka wa tatu, tena swali moja tu.

Timu nyingi zina mchungaji wao wa kujitolea. Wengi ni watu wema. Muulize siku ya kwanza, kwa heshima: nikikueleza jambo langu, linaweza kufika kwa kocha? Jibu likiwa na kona nyingi, siri zako peleka kwingine.

Ukiumia

Oktoba 2019, Jumanne, kadi ikasema nikimbilie kushoto. Kiatu kikanasa kwenye nyasi bandia, mtu wa safu ya mbele akasukumwa akaniangukia upande wa nje wa mguu. Nilisikia "pa!", kama kijiti cha muhogo kilichokauka. Cha ajabu maumivu hayakuwa makali kwanza. Nilisimama. Nikapiga hatua moja, goti likaenda upande ambao goti haliendi.

Ilikuwa ile ligamenti ya mbele ya goti, ACL. Novemba wakanipasua, wakachukua kipande cha kano iliyo chini ya kifuniko cha goti wakatengenezea ligamenti mpya. Daktari akasema miezi isiyopungua tisa.

Hapa utakutana na watu wa aina mbili, wote wanakupenda. Wa kwanza watakwambia kila jambo lina sababu yake. Waitikie, usibishane. Wa pili watataka kukuponya leo. Krismasi ile nyumbani mzee mmoja aliniwekea mkono gotini, akaomba kwa nguvu, kisha akaniamuru nitupe magongo. Watu wote chumbani wakanitazama. Nilisema, "Amina, mzee wangu. Naomba uendelee kuniombea mimi pamoja na magongo yangu." Mama akacheka hadi akatoa kilemba. Naamini Mungu anaponya. Naamini pia kwamba ligamenti iliyoshonwa wiki ya sita bado ni laini, na kuijaribu mbele ya watu si imani.

Kazi ya mwanzo ni ndogo hadi inaudhi. Unalala chali, taulo lililokunjwa chini ya kisigino, unakaza paja ili goti linyooke, unahesabu tano, unaachia. Mara kumi, tena na tena, kila siku, ukigombania nyuzi mbili za kunyooka. Nilihesabu kwa Zaburi ya 13 badala ya namba: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ni zaburi ya aya sita, na kwangu faida yake ilikuwa kwamba imemruhusu mtu kulalamika mbele za Mungu bila kujipaka sukari. Kama hujui kulalamika kwa Mungu, utalalamika kwa watu, na watachoka.

Wiki tatu za Januari sikulala. Nilikuwa naingia mkutano wa timu nikitoka bila kusikia neno. Nikaenda kwa mshauri nasaha wa chuo, huduma ambayo ilikuwa bure kwa wanafunzi. Kama kwenu kuna anayesema kwamba mwenye Yesu hahitaji mshauri, mwulize kwa nini yeye anavaa miwani.

Machi 2020 kila kitu kikafungwa kwa sababu ya korona. Chumba cha matibabu kikafungwa, mabweni yakafungwa, nikarudi Des Moines na goti la miezi minne. Mazoezi nikayafanya kwa begi la shule lililojaa mchele na ngazi za nje za ghorofa letu: panda kwa mguu mbovu, shuka polepole, seti tatu. Mama aliendelea na kazi palepale kwa wazee, mahali ambapo ugonjwa ulikuwa unaua. Alirudi saa moja asubuhi, akavua sare mlangoni akaitia kwenye mfuko, akaoga. Mimi nilingoja aanze kuomba kama alivyozoea. Badala yake alisonga ugali, akala amesimama, akaenda kulala.

Siku ya tatu au ya nne nikamwuliza kwa nini haombi kwanza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Eliya alifanya nini chini ya mretemu?" akasema. Ni 1 Wafalme 19. Nabii amechoka hadi anaomba afe. Malaika anapokuja hamwulizi ameomba mara ngapi wala imani yake imeenda wapi. Anamgusa, anasema, "Inuka, ule." Mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Sauti ya utulivu inakuja baadaye sana, mtu akiwa ameshashiba na kutembea.

Tangu hapo nilipanga siku yangu ya matibabu hivyo. Kula, lala kwa muda wa saa nane kama inawezekana, fanya zoezi, kisha omba kwa akili iliyopo.

Ukitaka kuacha

Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo wa kuhama, unaingiza jina lako na vyuo vingine vinaruhusiwa kukutafuta. Kwa mchezaji wa kujilipia asiye na video za mechi, simu hazilii sana. Nilifikiria zaidi kuacha kabisa kuliko kuhama. Niliomba miadi na kocha wa nafasi yangu nikiwa nimeandika maswali matatu kwenye karatasi: ni kitu gani kinanipungukia ili niingie kikosi maalumu, kile kinachoingia wakati wa mikwaju, goti langu analionaje, na je, mwaka ujao nina nafasi ya ufadhili hata wa sehemu. La mwisho alijibu hapana bila kuzunguka. Nilimshukuru, na bado namshukuru, maana nilipanga mkopo wangu nikiwa na ukweli mkononi.

Nilibaki kwa sababu shahada ilikuwa inakwenda vizuri na goti lilikuwa linaitikia. Rafiki yangu wa timu ya kuigiza aliondoka mwaka uleule, akaanza kufundisha watoto kuogelea, akawa mtu wa furaha ambaye sikuwahi kumwona uwanjani. Uvumilivu haupimwi kwa kung'ang'ania jezi. Angalia deni, angalia mwili, angalia masomo, zungumza na anayekulipia, kisha amua na uombe ujasiri wa kutembea na uamuzi wako.

Jezi

Ngazi yetu haikufanya mashindano yake ya kitaifa vuli ile ya 2020, yalisogezwa hadi majira ya kuchipua ya 2021. Tulicheza mechi ya kwanza theluji ikiwa imesukumwa pembeni mwa uwanja kama tuta. Watazamaji wachache, barakoa, mama haruhusiwi kusafiri kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimewekwa kwenye kikosi kinachokimbia kumkaba anayedaka mkwaju wa kuanzia, wa tatu kutoka kulia. Utepe mkononi, UMEKULA? kwa wino mweusi.

Mpiga mkwaju akainua mkono. Nikakimbia. Miaka miwili na nusu ya kadi na barafu na mchele, nikakimbia yadi 40 kwa nguvu zote nikimtafuta mwenye mpira. Mpira ukapita juu ya vichwa vyetu, ukavuka mstari wa mwisho, mwamuzi akapuliza filimbi. Hakuna aliyegusana na mtu. Nikageuka nikarudi benchi kwa mwendo wa kawaida, yule wa kilo 130 akanipiga helmeti kwa kiganja akiita ile kelele ya mababu.

Ndani ya basi simu ikalia. Mama alikuwa ametazama kwenye simu, wakati wa mapumziko yake, akiwa amesimama kwenye chumba cha kufulia.

"Nimekuona unakimbia," akasema. "Umekula?"

Nikamwambia bado, basi linasimama saa mbili.